Misitu ya kaya ina hati, njia zake hazina

MSAFIRI anayetoka Mombasa kuelekea Nairobi hufika Mazeras bila kutambua kwamba upande wake wa kulia ameuacha mtandao wa njia za miguu uliokuwepo kabla ya reli, kabla ya lami, na kabla ya jina la Kenya kutumiwa kuitambulisha nchi hii.

Njia hizo hupita juu ya vilima vinavyokwenda sambamba na Bahari Hindi, kutoka Rabai kupitia Ribe, Kambe, Jibana na Chonyi hadi Kauma, karibu na Mto Ndzovuni. Ni mwendo wa takriban kilomita 40 kwa mstari ulionyooka, ijapokuwa hakuna anayetembea kwa mstari ulionyooka katika nchi hiyo ya mabonde, minazi na mikorosho.

Kila penye kilele kilichofunikwa na msitu mnene, aghalabu hapo ndipo palipo na kaya: kijiji cha kale cha mojawapo ya makabila tisa ya Mijikenda. Vijiji vimekwisha kuhamwa. Misitu imebaki, na ndani yake vimebaki vijia vyembamba ambavyo kwa karne kadhaa vilikuwa ndiyo milango ya watu hao kuingilia na kutokea.

Ulimwengu umeitambua misitu hiyo. Mnamo Julai 2008, Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) liliiorodhesha Misitu Mitakatifu ya Kaya za Mijikenda kuwa turathi ya dunia, ikiwa na jumla ya takriban hekta 1,500 zilizotawanyika katika masafa ya kilomita 200 hivi ya pwani. Lakini kilichoorodheshwa ni misitu, kila mmoja na mpaka wake. Njia zinazotoka kaya moja hadi nyingine, ambazo ndizo zilizoifanya misitu hiyo kuwa nchi moja, hazimo katika orodha yoyote. Zinapita katika mashamba ya watu, na mwaka baada ya mwaka zinamezwa na nyua za seng'enge na ploti za kuuza.

Kijia kilichokuwa ngome

Neno kaya katika Kiswahili cha leo humaanisha nyumba au familia. Miongoni mwa Wamijikenda, yaani Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Waribe, Wakambe, Wajibana, Wachonyi na Wakauma, lilikuwa na maana ya nyumbani kwa watu wote, mji wenye boma ambamo koo zote zilikuwa na mahali pao.

Kwa mujibu wa simulizi za wazee, Wamijikenda walitoka Shungwaya, nchi inayosemekana kuwa kaskazini, katika sehemu za kusini mwa Somalia ya sasa, wakafukuzwa na majirani wa jamii ya wafugaji na kuteremka hadi walipo. Wanahistoria hawajaafikiana juu ya simulizi hizo. Thomas Spear, aliyechapisha utafiti wake kuhusu kaya mwaka 1978, aliziamini kwa kiasi kikubwa. Waliomfuata, wakiwemo wanaakiolojia waliochimba katika maeneo hayo, wamesisitiza kwamba baadhi ya jamii zilizoishi humo zilikuwepo muda mrefu kabla ya uhamaji huo kutajwa. Hata jina Mijikenda, linalomaanisha miji tisa, halikuanza kutumiwa kwa upana hadi kati ya miaka ya 1930 na 1940. Kabla ya hapo watu wa mjini Mombasa waliwaita Wanyika, jina ambalo wenyewe hawakulipenda.

Lisilobishaniwa ni jinsi kaya zilivyojengwa. UNESCO inakadiria kwamba zilianza katika karne ya 16. Kijiji kiliwekwa katikati, juu ya kilima, na msitu ukaachwa ukizunguke pande zote bila kukatwa. Kilichoruhusiwa kuutoboa msitu huo ni njia chache tu, nyembamba kiasi cha kupitisha watu mmoja nyuma ya mwingine, na kila njia iliwekewa malango yaliyofuatana.

Adui aliyetaka kuingia alilazimika kuja kwa safu ya mtu mmoja mmoja, asiweze kuona mbele wala kugeuka pembeni. Hivyo basi, kijia chenyewe kilikuwa sehemu ya ulinzi sawa na ukuta wa mji wa mawe. Mgeni anayelalamika leo kwamba njia ya kaya ni finyu na inapindapinda ovyo hajui kwamba ndivyo ilivyokusudiwa.

Ndani zaidi palizikwa fingo, kago la kuulinda mji ambalo kwa imani ya wenyeji lilibebwa kutoka Shungwaya. Mahali lilipo hapaonyeshwi mgeni, na wazee wengi hawapataji hata kwa watoto wao hadi watoto hao wafikie rika la kuambiwa. Hapo pia palikuwa na uwanja ambako baraza la wazee lilikaa kuamua kesi, kufanya matambiko na kumwomba Mulungu mvua.

Watu walianza kuzihama kaya katika karne ya 19, amani ilipoongezeka na mashamba ya karibu yalipochoka. Kufikia miaka ya 1940 hapakuwa na kijiji kilichosalia ndani ya misitu hiyo kwa maana ya awali. Wazee hata hivyo waliendelea kurudi, na miiko iliendelea kushikwa: haukatwi mti, halichumwi jani, hakitolewi kitu, na mtu haachi njia. Katika kaya nyingi viatu huvuliwa.

Rabai, mlango wa bara

Anayetaka kuzifuata njia hizo hana budi kuanzia Rabai, kiasi cha kilomita 20 kaskazini-magharibi mwa kisiwa cha Mombasa. Zamani safari ilianza kwa maji. Mashua zilipanda kwa mkono wa bahari hadi Jomvu na vituo vya jirani, mizigo ikashushwa, na wachukuzi wakapanda kilima kwa miguu.

Biashara iliyopita humo ilikuwa kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Kutoka bara zilishuka pembe za ndovu, sandarusi, nafaka na mifugo. Kutoka mjini zilipanda nguo, shanga na nyaya za shaba. Makabila ya Mijikenda yalikuwa na mapatano ya kudumu na mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, kila upande ukiwa na washirika wake, na mtu wa mjini hakuweza kupita tu apendavyo bila ya wenyeji wa kilimani kujua. Kuanzia karne ya 19 Wakamba nao walileta misafara yao hadi Rabai.

Kwa njia hiyo ndipo alipofika Johann Ludwig Krapf, mmishenari Mjerumani aliyetumwa na shirika la Kianglikana la Church Missionary Society. Aliwasili Mombasa mwaka 1844 na katika miezi michache akamzika mkewe na mtoto wao mchanga. Mwaka 1846 alijiunga naye mwenzake Johannes Rebmann. Mwezi Agosti mwaka huo, baada ya wazee wa Rabai kuwakubalia, wawili hao walihamia kilimani, wote wakiwa na homa, ikawabidi kupokezana punda njiani.

Mahali walipokaa paliitwa Rabai Mpya, tafsiri ya Mudzi Muvya, ambalo ndilo jina la mojawapo ya kaya za Warabai. Nyingine ni Bomu na Fimboni. Misitu yote mitatu imo katika orodha ya turathi za dunia.

Kutoka hapo Rebmann aliondoka mwezi Aprili 1848 kuelekea Uchagani, akiongozwa na Bwana Kheri, kiongozi wa misafara aliyezijua njia za bara kabla ya Mzungu yeyote kuziota. Mnamo Mei 11 aliona theluji ya Kilimanjaro. Mwaka uliofuata, mwezi Desemba, Krapf aliuona Mlima Kenya akiwa Ukambani. Wataalamu wa jiografia waliokaa London walikataa kuamini kuwa theluji yaweza kuwepo karibu na ikweta, na mabishano yakaendelea kwa miaka mingi. Vitabu vya shule huwataja wamishenari hao wawili. Bwana Kheri na wachukuzi waliobeba mizigo hawatajwi sana, ilhali bila wao safari hizo hazingekuwa.

Nyumba za Krapf na Rebmann zingali zimesimama Rabai, na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya yanahifadhi kumbukumbu zao. Ni vyema mgeni azitazame, ila asidhani kwamba historia ya Rabai imekwisha hapo.

Katika miaka ya 1880, Rabai iligeuka kimbilio. Watumwa waliotoroka kutoka katika mashamba ya Waarabu na Waswahili wa pwani walipanda njia zile zile na kujificha kwenye misheni. Aliyekuwa msimamizi ni William Jones, Myao aliyewahi kuwa mtumwa mwenyewe, akakombolewa baharini na kusomeshwa India, kisha akapewa ukasisi mwaka 1885. Mabwana wa watumwa walitishia kuja kuwachukua watu wao kwa nguvu. Mwishowe kampuni ya Kiingereza iliyokuwa imepewa utawala wa pwani, ikiongozwa na George Mackenzie, ilikubali kuwalipa mabwana hao fidia, na mnamo Januari 1, 1889 watu zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru.

Jones huyo huyo ndiye aliyefuatana na Askofu James Hannington katika safari ya kwenda Buganda mwaka 1885. Hannington aliuawa Busoga mwezi Oktoba. Jones, aliyekuwa ameachwa nyuma na sehemu kubwa ya msafara upande wa Kavirondo, aliwaongoza watu waliosalia kwa miguu hadi Rabai, wakawasili mapema mwaka 1886. Kwa mtembeaji anayehema baada ya kupanda kilima kimoja, hilo ni jambo la kutafakari.

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikapitia Mazeras, na kufika ziwani mwaka 1901. Misafara ya wachukuzi ikafa. Njia za vilimani zikarudi kwa wenyewe: watu wa kwenda sokoni, kanisani, matangani na kwenye matambiko.

Kutoka Ribe hadi Kauma

Kutoka Rabai hadi Ribe mwendo si mrefu. Wamethodisti waliweka kituo hapo mwaka 1862 chini ya Thomas Wakefield. Mwenzake Charles New, aliyepanda Kilimanjaro hadi kwenye theluji mwaka 1871, alifariki mwaka 1875 na kuzikwa papo hapo Ribe.

Jambo la maana zaidi lililofanyika Ribe, kwa anayependa habari za njia, halikuhusu milima. Wakefield alikaa na mtu kutoka sehemu za Gazi aitwaye Sadi bin Ahedi, akamsikiliza akisimulia vituo vya misafara kutoka pwani hadi ndani ya bara: mahali pa maji, mahali pa kulala, siku ngapi kutoka hapa hadi pale. Maelezo hayo yalichapishwa London mwaka 1870 na Shirika la Kifalme la Jiografia. Ramani kadhaa za Afrika Mashariki za wakati huo zilitegemea kumbukumbu za mtu mmoja aliyezitembea njia kwa miguu yake.

Kambe, Jibana na Chonyi hufuatana juu ya kingo hiyo hiyo ya vilima. Barabara inayotoka Mazeras hadi Kaloleni imechukua sehemu kubwa ya safari za zamani, na mtu mwenye haraka aweza kupanda bodaboda. Atakosa jambo moja. Kutoka barabarani kaya huonekana kama kijisitu tu juu ya kilima. Anayekaribia kwa miguu kupitia mashambani ndiye anayehisi mabadiliko: jua kali la kwenye mihogo na mahindi linakatika ghafla, hewa inapoa, na mizizi ya miti kama mvule na mbambakofi inaanza kukamata njia. Msitu wa Jibana unasifika miongoni mwa wataalamu wa mimea kwa wingi wa miti adimu, ingawa eneo lake ni dogo.

Magharibi ya vilima hivyo, katika nchi kavu zaidi, ndipo ilipo Kaya Fungo ya Wagiriama, na hapo historia hubadilika sauti.

Mwaka 1912 serikali ya kikoloni ilimtuma Arthur Champion kuwatawala Wagiriama, awatoze kodi ya nyumba na kuwatoa vijana wao kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Mekatilili wa Menza, mama mjane, alipita kijiji kwa kijiji akiwachezesha watu ngoma ya kifudu na kuwaita waje Kaya Fungo. Mwaka 1913 walikusanyika humo, wanaume wakala kiapo cha fisi na wanawake kiapo cha mukushekushe, kwamba hawatawatumikia Waingereza.

Mekatilili na mwenzake Wanje wa Mwadori walikamatwa mwezi Oktoba mwaka huo na kupelekwa Kisii, upande wa pili wa nchi. Januari 1914 walitoroka na kurudi Giriama kwa miguu, mamia ya kilomita kupitia nchi ambazo lugha zake hawakuzijua. Njia waliyoifuata haikuandikwa na mtu. Ingekuwa imeandikwa, pengine ingekuwa safari ya miguu yenye sifa kuliko zote nchini.

Mnamo Agosti 4, 1914 serikali iliilipua Kaya Fungo kwa baruti. Champion na wakubwa wake walielewa vyema walichokuwa wakikivunja: waliona kwamba madhali watu wana pahali pa kukusanyikia na njia ya kupafikia, amri za bomani hazitatiiwa. Vita vikazuka, Wagiriama wakashindwa, wakatozwa faini ya rupia 100,000 na kuamriwa kuhama ukingo wa kaskazini wa Mto Sabaki. Kaya hata hivyo haikufa. Wazee walirudi, na ingali inatumika kwa matambiko.

Ukiendelea kaskazini-mashariki kutoka hapo hadi Jaribuni, utafika Kaya Kauma, iliyo karibu na Ndzovuni. Hapo ndipo mgongano wa leo unapoonekana wazi kuliko penginepo. Ardhi ya Jaribuni ina madini ya chuma, na uchimbaji wake pamoja na malori yanayosomba mawe umezua malalamiko ya wenyeji kwa miaka mingi. Mpaka wa msitu wenyewe unajulikana. Njia ya kuufikia ni suala jingine.

Sheria ilivyo

Serikali ilianza kuzitangaza kaya kuwa makumbusho ya taifa mwaka 1992, na makumi ya kaya za Kilifi na Kwale zikapata ulinzi huo. Mwaka huo huo Makavazi ya Kitaifa yaliunda kitengo cha kuhifadhi misitu ya pwani. Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 ilichukua mahali pa ile ya zamani. Kisha ikaja orodha ya dunia mwaka 2008, na mwaka uliofuata UNESCO ikaziweka mila na desturi zinazoambatana na kaya katika orodha ya turathi zisizoshikika zinazohitaji kunusuriwa kwa dharura.

Ulinzi huo haukuja mapema vya kutosha kwa kila mahali. Upande wa kusini, ambako kaya za Wadigo zilikuwa karibu na ufuo, thamani ya ardhi ilipanda pamoja na utalii. Katika Kisiwa cha Chale hoteli ilijengwa katika miaka ya 1990 mahali ambapo wazee walipahesabu kuwa kaya yao. Kwingineko vipande vya misitu vilikatwa na kugawanywa.

Siasa nayo iliacha doa. Mwaka 1997, kabla ya uchaguzi mkuu, vijana walikula kiapo katika msitu wa Kaya Bombo kisha wakashambulia Likoni na sehemu nyingine za pwani ya kusini, na watu wengi wakauawa. Kwa miaka iliyofuata, wazee waliokwenda msituni kwa tambiko la kawaida walitazamwa kwa shaka. Si haki kuzihukumu kaya zote kwa tendo hilo, lakini ni kweli kwamba lilizidisha umbali baina ya vijana na mahali hapo.

Hatari iliyo kubwa kuliko shoka na seng'enge inawakabili wazee wenyewe. Katika Kaunti ya Kilifi, wakongwe wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, mara nyingi na watu wa jamaa zao, na mara nyingi chanzo halisi ni ugomvi wa shamba. Mvi zimekuwa ushahidi wa kutosha wa kumhukumu mtu. Anapouawa mzee anayeijua njia ya kaya, akajua pia lango lilikuwa wapi na mgeni asimame wapi, maarifa hayo hayana pengine yalipohifadhiwa.

Wizi wa vigango umetoa funzo la aina yake. Vigango ni nguzo za mbao zilizochongwa, zinazosimikwa kuwakumbuka wazee wa chama cha Gohu. Hazisimami ndani ya kaya, kama waandishi wengine wanavyodai, bali kwenye maskani za familia, na kwa kuwa familia zilihama na kuziacha, zilikuwa rahisi kuibwa. Mamia ziliishia Marekani. Mbili zilirudishwa mwaka 2007. Makavazi ya Denver yalizirudisha nyingine 30 mwaka 2019, na mwaka 2023 Makavazi ya Jimbo la Illinois yakarudisha 37. Kigango kilichorudi, hata hivyo, mara nyingi hakijulikani kilikuwa cha boma gani.

Njia haiibwi kwa meli. Inapotea kwa namna ya kimya zaidi. Shamba linapimwa, mwenyewe anapata hati, anauza, na mnunuzi kutoka mbali anazungusha ua bila kujua kwamba watu wamekuwa wakikatiza hapo tangu zama za mababu. Wenye kupita huzunguka ua. Baada ya miaka michache mzunguko nao unazibwa.

Dawa ipo katika vitabu vya sheria. Sheria ya Ardhi ya 2012 inatambua haki ya umma ya kupita katika ardhi, na inaruhusu kuwekwa kwa njia ya jamii kwa manufaa ya watu wote kupitia Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Serikali ya kaunti au hata kundi la wakazi linaweza kuomba. Kazi hiyo yahitaji ramani, na ramani yahitaji watu wa kuzionyesha njia zilipo. Wazee wenye uwezo huo wanapungua, na kila msimu unaopita bila wapimaji kutembea pamoja nao ni hasara isiyofidika.

Kinondo na kanuni za mgeni

Anayetaka kujua jinsi kaya inavyoweza kupokea wageni bila kuvunjiwa heshima atazame Kinondo, kusini mwa Diani, katika Kaunti ya Kwale. Msitu huo wa hekta 30 hivi uko kando ya bahari, na tangu mwaka 2001 wenyeji wameendesha mradi wa utalii humo, mapato yakienda kwa jamii. Mgeni hufungwa kaniki nyeusi kiunoni, huvua kofia, na huongozwa na mwenyeji. Haruhusiwi kubusiana wala kuondoka na kitu, hata jani lililoanguka. Kanuni ni chache na hazibadilishwi kwa sababu ya pesa.

Kule vilimani hakuna utaratibu uliokomaa hivyo kwa kila kaya. Mgeni aanzie katika makavazi ya Rabai, aulize, na asubiri kupewa mtu wa kumwongoza. Kwingineko atamtafuta chifu au mzee wa mtaa, ambaye atampeleka kwa wazee wa kaya husika. Ada ya kuingilia hukubaliwa kabla, na mara nyingine wazee hukataa kabisa, kwa kuwa kuna siku za tambiko au kuna msiba. Kukataliwa huko si ufidhuli, na anayejaribu kupenya kwa mlango wa nyuma atakuwa amefanya kile hasa ambacho kaya zilijengwa kukizuia.

Miezi ya Julai hadi Septemba ndiyo mizuri kwa kutembea. Masika ya Aprili hadi Juni hugeuza udongo kuwa utelezi, na joto la Januari hadi Machi si la kuchezea katika sehemu zisizo na kivuli kati ya kilima na kilima. Maji ya kunywa yabebwe, kwa maana visima vya njiani ni vya wenyeji na wakati wa kiangazi havitoshi hata wao.

Picha hupigwa kwa ruhusa, na si kila mahali. Mwanamke au mwanamume aliyevaa nguo fupi ataombwa ajifunge leso au kaniki, hivyo ni afadhali aende nayo. Anayekusudia kufika Kauma kutoka Chonyi kwa siku moja aondoke alfajiri, na akifika aanze kuteremka kuelekea Jaribuni saa kumi na moja za jioni, kwani ndani ya msitu giza huingia mapema kuliko mashambani.